Pumzi ya Motakaa Inapopungua

Msikilizaji, usidhani kwamba hewa dhaifu katika motakaa ni taabu ya joto tu. Alfajiri ya mvua, hewa hiyo ndiyo ikaushayo ukungu ndani ya kioo cha mbele. Ikikosa nguvu, dereva haoni njia.

Basi, kabla ya kumlipa fundi, isikilize feni ya ndani. Ikiwa yavuma kwa kishindo na hewa ni haba, yamkini njia imezibwa. Tazama kwanza chujio. Katika magari mengi ya siku hizi limo nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Likijaa vumbi, tia jipya. Ikiwa hewa huanza kwa nguvu kisha hufifia safarini, huenda barafu imeganda katika mtambo wa baridi: zima baridi, uiache feni ivume mpaka barafu iyeyuke. Ikirudia, mwite fundi. Feni izungukayo kwa mwendo wa juu kabisa tu, mara nyingi rezista yake imeungua. Isipozunguka kabisa, angalia fyuzi.

Ndivyo afanyavyo fundi mwenye busara: huanza na lililo rahisi, ndipo afungue lililo gumu.