Babu wa Ng'ambo na Bibi wa Ikungi

Katika mkoa wa Singida, tangu mjini mpaka katika vituo vya barabarani kama Ikungi, wako ndugu zetu Waislamu ambao baadhi ya wazee wao hawakuzaliwa huku. Wako wajukuu wa Waarabu waliotoka Oman na Hadhramaut, wako wa Wahindi waliotoka Kutch na Kathiawar, wako wa Wasomali, na wako wa Waswahili wa mwambao na Wamanyema. Leo wote ni watu wa hapa. Wanakula ugali wa uwele na mlenda, wanasema Kinyaturu sokoni, na wanazika maiti wao katika ardhi hii hii.

Lakini liko jambo linalotusikitisha. Ukimwuliza kijana wa jamaa kama hizi habari za asili yake, aghalabu atakutajia kabila la babu yake na mji wa ng'ambo alikotoka, wala yeye mwenyewe hajapata kuuona. Mwulize sasa jina la bibi aliyemzaa baba yake, na kijiji alichozaliwa bibi huyo, atanyamaza. Nusu ya damu yake ameihifadhi kama johari, na nusu ya pili ameiacha ipotee. Juu ya jambo hili twapenda kusema machache.

WALIVYOFIKA

Zamani mgeni wa bara alikuja kwa miguu. Jahazi zilimleta mpaka Unguja au Bagamoyo kwa upepo wa kaskazi, kisha akajiunga na msafara. Burton na Speke, Waingereza waliofuata njia ya misafara ya Waarabu, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba. Njia ile ilipita Ugogo, ikaingia nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, kusini ya Ikungi, ambako wapagazi wengi walikufa kwa kiu na njaa.

Baadaye ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Manyoni mwenye duka aliweza kupeleka nguo, chumvi na majembe kwa Wanyaturu, na kurudisha ngozi, samli, nta na nafaka. Hivyo ndivyo maduka yalivyoenea katika vituo vidogo, na karibu nayo yakawa madarasa ya Kurani na misikiti.

Ulipofika uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, sheria ilimfanya raia mtu aliyezaliwa Tanganyika ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa. Wengine waliostahili walipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa. Mzee aliyeomba alikuwa amekata shauri: kaburi lake litakuwa hapa.

Wengine walikwenda zao. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala wa Oman na kuwaita Waomani waliokuwa nchi za nje, wako waliorejea huko pamoja na watoto wao. Baada ya sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majumba ya kupangisha, Wahindi wengi walihamia Uingereza na Canada. Kwa hiyo leo jamaa moja yaweza kuwa na matawi Ikungi, Maskati na Toronto, na wajukuu wakakutana wasijuane.

BIBI ASIYETAJWA

Wengi wa wanaume wale walifika peke yao, wakaoa kwa wenyeji. Tufikiri vema maana ya ndoa hiyo. Mgeni hakuijua lugha, wala hakuwa na ukoo wa kumtetea. Mke ndiye aliyemfundisha maneno ya wateja na adabu za wakwe, na ndugu za mke ndio waliokuwa kinga yake siku ya ugomvi na msaada wake mwaka wa njaa. Watu walilitaja duka kwa jina la mume, lakini mizizi yake ilikuwa kwa mke.

Twaweza kupata mfano katika historia iliyo wazi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Humo twasoma kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, alipokaa Unyanyembe alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, na kwamba ndoa ile ilimpa baba heshima kubwa katika nchi. Jina la Karunde twalijua leo kwa sababu liliandikwa. Wako wanawake wangapi wa Kinyaturu, wa Kigogo na wa Kinyamwezi waliofanya kazi ile ile, na majina yao yamefukiwa pamoja nao?

Asidhani mtu kwamba dini inamruhusu kuuheshimu upande mmoja na kuudharau mwingine. Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na mama yake, Bibi Amina, akiwa mtoto mdogo, akalelewa na Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi aliyekuwa mjakazi katika nyumba yao. Alipokuwa mtu mzima, tena Mtume, alimheshimu Ummu Ayman kama mama yake, na alikuwa akimzuru. Hakuona haya kwa asili yake wala kwa utumwa wake wa zamani. Na katika Sura ya Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba aliye bora mbele yake ni yule amchaye zaidi. Ukoo basi ni wa kujuana. Anayeutumia kwa kujivuna ameugeuza matumizi yake.

KUSEMA KWELI JUU YA WAZEE

Kuwakumbuka wazee si kuwapamba. Misafara ile ilichukua pembe za ndovu, nayo ilichukua watu pia. Sheria ya kukomesha utumwa katika Tanganyika ilitolewa mwaka 1922 tu. Miongoni mwa tunaowaita watu waliokuja wako walioletwa kwa minyororo, na wajukuu wao tunaswali nao safu moja. Hao nao ni wahamiaji, ila hawakuhama kwa hiari yao.

Katika Sura ya Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama imara katika haki, hata kama ushahidi ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Kwa hiyo, kijana akisikia kwamba babu wa babu yake alifanya biashara ya watu, asikanushe, wala asimtukane marehemu. Na ajue ukweli, amwombee msamaha, na yeye mwenyewe asimdharau aliyetoka katika ukoo wa waliodhulumiwa.

Kadhalika tukumbuke mema. Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo ambaye jamaa yake ilitoka Kutch, alifanya mali kwa kuzipatia misafara vifaa na wapagazi. Alifariki mwaka 1897, naye alikuwa ametoa mali kwa ajili ya hospitali ya kuwatibu watu wa kila kabila mjini Dar es Salaam. Jina lake lingali likitajwa katika hospitali ya Muhimbili, ambako jengo moja la wagonjwa laitwa Sewahaji.

YATUPASAYO KUFANYA

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama uko wema wowote uliobaki wa kuwafanyia wazazi wake baada ya kufa kwao. Akamjibu kwamba uko: kuwaombea, kuwatakia maghufira, kutimiza ahadi zao, kuunga udugu uliopatikana kwa ajili yao, na kuwaheshimu marafiki zao. Mambo haya matano yanatutosha.

Kwanza, andikeni. Kila nyumba na iwe na daftari. Yaandikwe majina ya wazee wa upande wa baba na wa upande wa mama pamoja, vijiji vyao, na makaburi yao yalipo. Waulizeni mashangazi na bibi kabla ya wengine, kwani aghalabu wao ndio wanaojua nani alimzaa nani. Mzee wa miaka themanini hangoji mpaka ninyi mpate nafasi.

Pili, zuruni makaburi na kuyasafisha, pamoja na yale ambayo wenyewe wamehamia mbali. Alioko Maskati hawezi kuja kila mwaka kufyeka majani. Jirani yake aliye Ikungi aweza.

Tatu, ungeni udugu. Simu ya leo inafika Toronto kwa dakika moja, na kijiji cha wajomba pengine kiko mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Ni aibu kumjua binamu wa ng'ambo na kutomjua mjomba wa Puma au Sepuka. Na mjomba huyo, hata akiwa si Mwislamu, haki yake ya udugu haikuondoka. Sura ya Luqman, aya ya 15, imeamrisha kukaa kwa wema hata na wazazi wasiokuwa katika dini.

Nne, timizeni ahadi. Kama babu alikufa na deni, na lilipwe. Kama alikuwa akidai watu maskini katika daftari la duka lake, basi warithi wakikubaliana kusamehe, hiyo ni sadaka njema kwa ajili yake.

Enyi vijana, babu zenu waliotoka ng'ambo walipokewa na watu ambao hawakuwajua. Bibi zenu wa hapa waliwapikia, wakawauguza, wakawazalia. Anayetaja mmoja na kumficha mwingine amewavunjia heshima wote wawili, maana wenyewe walichagua kuwa nyumba moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu wote, waliokuja na waliowapokea, ayatie nuru makaburi yao, na atujaalie sisi kuwa wazao ambao dua zao zinawafikia. Amin.