Kununua nyumba mpya Ruangwa: Dalali ni wa muuzaji, wako ni nani?

MNUNUZI wa nyumba mpya katika mji wa Ruangwa, mkoani Lindi, kwa kawaida hukutana na dalali kabla ya kukutana na mwenye nyumba. Dalali ndiye mwenye funguo, ndiye anayetaja bei na mara nyingi ndiye anayekuja na karatasi za mkataba zikiwa tayari zimeandikwa. Kinachosahaulika ni kwamba dalali huyo ameitwa na muuzaji na atalipwa pale tu nyumba itakapouzwa.

Suala hilo lina uzito wa pekee wilayani humo hivi sasa. Uchimbaji wa madini ya kinywe katika eneo la Matambarale, ujenzi wa barabara ya lami kutoka Nanganga na mapato ya korosho na ufuta vimeongeza idadi ya watu wanaotafuta makazi. Wapo wakulima, watumishi wa umma na wafanyabiashara ambao huweka akiba ya miaka mingi katika nyumba moja. Wakikosea, hawana akiba ya pili.

Mkulima wa Ruangwa anaijua vizuri faida ya kuwakilishwa. Korosho zake hupitia chama cha msingi na kisha chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, kinachohudumia wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na huuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Hakai peke yake mbele ya mnunuzi mkubwa. Lakini mkulima huyo huyo anapochukua fedha za msimu kwenda kununua nyumba, huingia katika mazungumzo akiwa hana mtu wa upande wake.

Hesabu ya dalali

Hesabu ndogo inatosha kueleza tatizo. Tuchukulie nyumba inauzwa Sh milioni 60 na dalali ameahidiwa asilimia 5. Akiuza kwa bei hiyo atapata Sh milioni 3. Mnunuzi akifanikiwa kupunguza bei kwa Sh milioni 5, dalali atapoteza Sh 250,000 tu. Lakini mnunuzi akigundua kasoro na kuondoka, dalali atapoteza zote. Kwa hiyo hata dalali mwaminifu ana sababu ya kutamani biashara imalizike haraka. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Aidha, kwa miaka mingi kazi ya udalali wa nyumba nchini imefanyika bila sheria mahsusi ya kuwasajili wanaoifanya. Hali ni tofauti kwa mawakili, ambao wanasimamiwa na Sheria ya Mawakili, na kwa wathamini, ambao wana sheria yao ya mwaka 2016 inayowataka kusajiliwa. Wataalamu hao wanaweza kufikishwa mbele ya mamlaka zao za nidhamu wakikiuka maadili.

Sheria inamtaka mnunuzi achunguze

Baadhi ya wanunuzi hudhani kwamba wakidanganywa, kauli ya "sikujua" itawaokoa. Sivyo. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamhesabu mnunuzi kuwa anajua jambo lolote ambalo angeligundua iwapo angefanya uchunguzi wa kawaida. Zaidi ya hapo, jambo lililofahamika kwa wakili au wakala wake katika biashara hiyo linahesabiwa kuwa limefahamika kwake. Ndiyo maana haitoshi kuwa na mwakilishi. Ni lazima awe makini na awe na wajibu wa kumweleza mnunuzi kila alichokiona.

Uchunguzi wa kwanza ni wa ardhi. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, mwakilishi anapaswa kufanya upekuzi katika ofisi ya msajili wa hati ili kujua jina la mmiliki na iwapo kuna rehani au zuio. Nakala ya hati iliyoletwa na dalali si upekuzi.

Kama nyumba imejengwa nje kidogo ya mji, katika ardhi ya kijiji, utaratibu ni mwingine. Ardhi hiyo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na uhamisho wake unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake haulingani na uamuzi wa halmashauri uliomo katika muhtasari wa kikao. Tangu mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ilikwishaamua kuwa mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo hayana nguvu.

Jambo jingine ni mwenzi wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ikiwa mpya, muuzaji anaweza kudai kuwa familia haijawahi kuishi humo; ni salama zaidi ridhaa hiyo ikaandikwa.

Upya nao una hatari zake

Nyumba iliyokaliwa huwa na mashahidi: wapangaji, majirani na nyufa zenyewe. Nyumba mpya haina. Huenda haijapita hata msimu mmoja wa mvua, na rangi mbichi huficha mengi. Fundi au mhandisi wa upande wa mnunuzi aangalie msingi, mbao za paa, nyaya za umeme, shimo la maji taka na mkondo wa maji ya mvua. Aombe pia kuona kibali cha ujenzi kilichotolewa na halmashauri.

Sheria inataka mkataba wa mauzo ya ardhi uwe wa maandishi. Mwakilishi mzuri ataingiza humo muda wa muuzaji kurekebisha kasoro, na kiasi cha fedha kitakachobaki hadi kazi hiyo ikamilike na uhamisho usajiliwe. Ataandika pia nani analipa kodi ipi, kwani kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, lakini isipolipwa anayekwama na uhamisho ni mnunuzi.

Nani amlipe mwakilishi?

Nchini Marekani, kwa muda mrefu wakala wa mnunuzi alilipwa kutokana na fedha za upande wa muuzaji. Kuanzia Agosti 2024, baada ya kesi kubwa, mawakala wengi wanatakiwa kusaini makubaliano ya malipo na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba.

Somo kwa mnunuzi wa Ruangwa ni lile lile. Mwakilishi wake, awe wakili, mthamini au mhandisi, alipwe na yeye mwenyewe, kwa kiasi kilichokubaliwa mapema, na alipwe hata kama atashauri nyumba isinunuliwe. Anayelipwa kwa asilimia ya bei hugeuka dalali wa pili. Vilevile, wakili mmoja asitumike na pande zote mbili, hata kama gharama itaonekana nafuu.

Siku ambayo mwakilishi huyo atasema nyumba isinunuliwe, ndiyo siku atakayokuwa amefanya kazi yake kubwa kuliko zote.