Masafa ya New York na Jeddah, na Upande wa Kibla

Kijana wa Kiislamu aendaye New York kwa masomo huingia msikitini akakuta safu zimeelekea kaskazini-mashariki. Shaka humwingia. Ramani aliyoizoea shuleni yamwonyesha Makka iko mashariki ya mji ule, tena kusini kidogo. Basi vipi watu wasali kuelekea upande wa barafu? Shaka hii si ndogo, kwani kuelekea Kibla ni sharti ya Sala, nayo imewahi kuwagawanya Waislamu wa Marekani, hawa wakisali huku na wale kule.

Jawabu imo katika njia ya ndege. Kutoka New York hadi Jeddah ni kiasi cha kilomita 10,250 kwa njia iliyo fupi kabisa. Njia hiyo huondoka New York ikielekea kaskazini-mashariki, ikavuka Atlantiki huku ikipanda mpaka karibu na latitudo ya 49, ndipo ikainama, ikapita juu ya Ufaransa, bahari ya Mediterania na Misri, hata Jeddah. Rubani huenda akapinda hapa na pale kwa ajili ya upepo, lakini asili ya njia ndiyo hiyo. Lau angeshika upande mmoja tu wa dira, ule uonekanao umenyooka juu ya ramani ya ukutani, angekwenda karibu kilomita 10,900.

Dunia ni mviringo kama chungwa, na ganda la chungwa halitandiki mezani ila lipasuke au livutwe. Ramani nayo imevutwa hivyo, hasa pande za kaskazini. Mwenye tufe la dunia nyumbani na achukue uzi, abane ncha moja New York na ya pili Makka, aukaze. Watoto wataona wenyewe uzi unakoanzia kuelekea. Ni kiasi cha digrii 58 kutoka kaskazini kwenda mashariki. Msikiti wa Islamic Center wa Washington, uliofunguliwa mwaka 1957, nao umeelekezwa kaskazini-mashariki.

Wala tusidhani elimu hii imeletwa na eropleni. Al-Biruni alimaliza mwaka 1025 kitabu chake cha kupima mahali pa miji, akahesabu masafa tangu Baghdad mpaka Ghazna, mji baada ya mji, apate kuwajulisha watu wa Ghazna Kibla chao. Vyombo vyake vilikuwa jua, nyota na hesabu ya pembetatu juu ya mviringo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna njia nyepesi zaidi. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa juu ya Al-Kaaba, na anayelielekea wakati huo ameielekea Kibla. Huko New York, saa hiyo jua bado halijachomoza. Kwao ni hesabu na ule uzi.