Wanafunzi wa Afya Wakipiga Hodi, Nawe ni Mwalimu Wao



Huenda siku moja ukapigiwa hodi na vijana watano au sita. Mmoja anasomea udaktari, mwingine uuguzi, mwingine ukunga, mwingine maabara, mwingine lishe au afya ya mazingira. Usishangae kuwaona pamoja. Wamekuja kujifunza kufanya kazi kwa ushirikiano, nawe ni mmoja wa walimu wao.

KWA NINI WAJIFUNZE PAMOJA?

Fikiria mtoto anayeharisha. Daktari ataangalia kama amepungukiwa maji mwilini. Mtu wa maabara atapima choo chake. Muuguzi atamwonyesha mama jinsi ya kumnywesha. Mtu wa lishe atauliza mtoto anakula nini. Mtu wa afya ya mazingira atauliza maji mnachota wapi. Kila mmoja akifanya kazi peke yake, mtoto atapona leo na kurudi wiki ijayo na ugonjwa uleule.

Sisi wa Gisenyi na Goma tunalijua jambo hili. Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwenda Goma. Wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu, na ardhi ya mawe ya volkano ilikuwa ngumu kuchimba vyoo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Dawa peke yake haikutosha. Yalihitajika pia maji safi, vyoo, na watu wa kupita kila kibanda kutafuta wagonjwa.

Ebola ilipofika Goma Julai 2019, wasafiri kwenye mpaka wa Gisenyi walinawa mikono na kupimwa joto la mwili. Kazi hiyo ilihitaji watu wa fani nyingi, pamoja na wananchi waliokubali kusimama na kupimwa. Mlipuko huo ulikwisha Juni 2020 bila Rwanda kupata mgonjwa hata mmoja.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, Kenya, kimekuwa kikipeleka wanafunzi wake wa afya vijijini tangu miaka ya 1990. Makerere, Uganda, ilianza mpango kama huo mwaka 2003: wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia na meno huenda pamoja kukaa na wananchi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilihimiza nchi zote kuwafundisha wanafunzi wa fani mbalimbali kwa pamoja.

Hapa Rwanda wapo abajyanama b'ubuzima, wahudumu wa afya wanaochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mpango wao ulianza mwaka 1995. Mwanafunzi akiongozana na mtu kama huyo, atajua nyumba ya mjamzito na ya mzee asiyeweza kutembea.

HAKI ZAKO

• Uliza: ninyi ni nani, na msimamizi wenu yuko wapi?
• Unaweza kukataa kujibu. Kukataa hakupaswi kukunyima matibabu wala chakula.
• Mambo ya siri, kama UKIMWI au ukatili wa nyumbani, omba kuyazungumza faraghani. Mtoto wako asifanywe mkalimani.
• Mwanafunzi asikupe dawa bila idhini ya msimamizi wake.
• Waulize watarudi lini kuwaeleza mliyoyasema yamefikia wapi. Watu wengi kambini wamechoka kuulizwa maswali yasiyo na majibu. Hilo nalo waambie.

WAFUNDISHE NINI?

Waeleze foleni ya maji inachukua muda gani. Waonyeshe choo ambacho wanawake wanaogopa kwenda usiku. Waambie kwa nini mama fulani alichelewa kwenda kujifungua. Mambo hayo hayamo vitabuni, na daktari asiyeyajua atamlaumu mgonjwa bure.

KUMBUKA: Mtoto akiharisha na huna pakiti ya chumvichumvi, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na mpeleke kituo cha afya bila kukawia.

Wakija, wakaribishe na uwaambie ukweli. Kesho mmoja wao ndiye atakayekutibu wewe au mwanao.