Fahamu: Mzee wa Kimali na matibabu bila malipo

Bibi wa Kimali, hapa Simiyu, mwenye presha anatakiwa kumeza kidonge kila siku, hata mwezi ambao hana nauli ya bodaboda ya kukifuata.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Asiyejiweza hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Safari huanzia kijijini: viongozi humtambua, kisha halmashauri humpa kitambulisho. Akifika hospitali, aulizie dirisha la wazee. Ila dawa zikiisha zahanati, duka la dawa halipokei kitambulisho, linataka hela.

Na macho je? Huku Usukumani, moshi wa kuni na wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, miaka nenda miaka rudi, huyafanya macho ya mpishi kuwa mekundu. Wapo vikongwe waliouawa kwa wekundu huo, wakiitwa wachawi. Jamani, yale ni maradhi! Mpelekeni bibi hospitali akaonwe.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mwenye miaka 70 na zaidi. Hela kama hiyo, hapa Simiyu, ingekuwa nauli ya kufuata kidonge.