Kathodi: Istilahi Moja na Mitego Yake

Mfasiri akutanapo na habari za leza zinazokusudiwa kuunganisha viini vya atomu hushawishika kuiita kathodi "ncha hasi". Asifanye hivyo. Katika betri inayotoa umeme, kathodi ndiyo ncha chanya. Basi tafsiri hiyo itakuwa sahihi ukurasa huu na kosa ukurasa ufuatao. Neno lenyewe, lililotumiwa na Michael Faraday mwaka 1834, limetokana na Kigiriki kwa maana ya njia ya kushukia, wala halitaji uhasi. Tubaki na kathodi.

Ugumu zaidi umo katika kivumishi. Tuchukue leza ya kriptoni na florini iitwayo Electra, iliyojengwa katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, mjini Washington. Humo kathodi hutoa elektroni ndani ya ombwe. Elektroni hupenya utando mwembamba wa metali, huingia katika gesi na kuisisimua, nayo gesi hutoa mwali wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 248. Katika mitambo ya aina hii kitoaji kilichozoeleka ni mahameli, naam, kitambaa kilekile cha mapazia. Nguvu ya umeme huzidi kwenye ncha za nyuzi zake, plazima hutokea, na elektroni huvutwa kutoka humo. Lakini kila mpigo huunguza nyuzi kidogo na kuachia gesi inayochafua ombwe. Electra iliundwa ipige mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku. Mahameli haihimili hayo. Ndipo watafiti walipojaribu nyuzi za kaboni, na mbele ya kitoaji wakaweka kauri yenye vitundu kama sega la nyuki.

Kathodi inayotafutwa tuiiteje? Wengi wataandika "kathodi ya kudumu". Wanafunzi wetu, hata hivyo, wanaijua sumaku ya kudumu, ambayo ni kinyume cha ile ya muda. Huko kudumu ni kutopotewa na hali, si kushinda uchakavu. Msomaji atadhani kathodi hiyo haibadilishwi kamwe, na mwandalizi wa orodha ya vipuri hataagiza ya akiba. Napendekeza "kathodi stahimilivu", na ustahimilivu wake uhesabiwe kwa mipigo, si kwa miaka.

Wanaoandika "kuyeyuka kwa viini" nao wasahihishwe: metali huyeyuka tanuruni, viini huungana.