Kabla ya Kumpa Fundi Kazi ya Mabati

Akina mama fulani waliweka akiba miaka miwili ili waezeke nyumba zao. Wakampa fundi pesa zote mkononi. Alileta mabati ya geji 32 badala ya 30 waliyokubaliana, akaezeka nyumba mbili, halafu hakuonekana tena.

Fundi na awapeleke kwa nyumba alizoezeka, hasa zilizopitia masika mawili. Msiangalie nje tu. Ombeni kuingia ndani, mtazame juu. Mkiona alama za maji kwa mbao, au jua likipenya penye misumari, mmepata jibu. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanapopita. Na mwenye nyumba atawaambia mengine, mkimwuliza fundi akiwa mbali kidogo.

Mabati nunueni wenyewe, risiti iandikwe kwa jina la kikundi. Kumbukeni: nambari ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Fundi alipwe kazi ya mikono tu: kiasi mbao zikishasimama, kiasi mabati yakishapigwa, kinachobaki mvua ya kwanza ikishanyesha. Yaandikwe, mzee wa kijiji awe shahidi. Akikataa kungoja mvua, tafuteni mwingine.